Wanafunzi walioacha darasa wakaandamana: tujifunze kutoka Birmingham

Kila maandamano yanapoangukia siku ya masomo, wazazi na walimu wakuu huniuliza swali moja: mwanafunzi aliyetoka darasani akaenda kuandamana, sheria inamhesabu vipi? Ni mtoro, au ni raia anayetumia haki yake? Mimi ni wakili wa haki za watoto, na jibu langu ni kwamba anaweza kuwa yote mawili kwa siku moja. Kwa hiyo shule ikitaka kumwadhibu, lazima iseme wazi inamwadhibu kwa lipi.

Kesi inayonisaidia zaidi kulieleza hili ilitokea Birmingham, jimbo la Alabama, Marekani, mwaka 1963.

Kampeni ya kupinga ubaguzi mjini humo ilianza tarehe 3 Aprili. Martin Luther King alikamatwa Ijumaa Kuu, tarehe 12. Lakini kadiri siku zilivyosonga, waliojitolea kwenda jela walizidi kupungua, na sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: mtu mzima mweusi akikamatwa, angeweza kutoka jela akute hana kazi tena. James Bevel, mmoja wa wasaidizi wa King, akawageukia wanafunzi, kwani hawakuwa na mwajiri wa kuwafuta. Alhamisi tarehe 2 Mei wakatoka madarasani kwa mamia, huku watangazaji wa redio wakiwapa ishara kwa mafumbo. Katika shule ya Parker mwalimu mkuu alifunga lango. Wanafunzi wakaruka uzio. Walikusanyika kanisa la 16th Street Baptist, wakatoka kundi baada ya kundi wakiimba, na mamia wakakamatwa siku hiyo hiyo.

Kesho yake Bull Connor, kamishna wa usalama wa mji, aliwafungulia mabomba ya maji ya zimamoto na kuwaachia mbwa. Jela zikajaa hadi watoto wakawekwa kwenye viwanja vya maonyesho. Audrey Faye Hendricks, msichana wa miaka 9, alikaa kizuizini karibu wiki nzima.

Si wapinzani tu waliolaumu. Malcolm X, kiongozi mwingine wa Weusi, alisema wanaume wa kweli hawawatangulizi watoto wao vitani, na Robert Kennedy, Mwanasheria Mkuu wa Marekani, naye alionya. Lawama hiyo naichukulia kwa uzito. Anayemwita mtoto barabarani hubeba dhamana ya usalama wake, na haki ya mtoto kuandamana haimwondolei mtu mzima mzigo huo.

Makubaliano kati ya viongozi wa kampeni na wafanyabiashara wa mji yalitangazwa tarehe 10 Mei, na wengi husimulia hadi hapo tu. Kwangu mimi sehemu nzito inaanzia tarehe 20, bodi ya elimu ilipoamuru wanafunzi 1,081 wasimamishwe au wafukuzwe kwa muda wote uliosalia wa mwaka wa masomo. Muda wenyewe ulikuwa siku chache tu, lakini ndizo zilizokuwa na uzito: mwanafunzi angepoteza kazi ya muhula mzima, na wa darasa la mwisho angekosa kuhitimu. Kosa lao lilikuwa kukamatwa wakiandamana bila kibali. Hakuna aliyeitwa kujieleza.

Mawakili wa mfuko wa utetezi wa kisheria wa NAACP, uliopigania haki za Weusi mahakamani, Constance Baker Motley akiwemo, walifungua kesi kwa niaba ya msichana mdogo, Linda Woods. Tarehe 22 Mei Jaji Clarence Allgood aliwakatalia. Siku hiyo hiyo Elbert Tuttle, jaji mkuu wa mahakama ya rufaa ya eneo hilo, akaamuru warudishwe shuleni. Alisema inashtua kwamba bodi iliyokabidhiwa elimu ya watoto inawaharibia muhula wengi kiasi hicho, wakati wapenda elimu wote wanahangaika kupunguza idadi ya wanaoacha shule.

Tuttle alikuwa na msingi wa kusimamia. Mwaka 1961, katika kesi ya Dixon, mahakama yake ilikuwa imeamua kwamba wanafunzi wa chuo cha umma huko Alabama, waliofukuzwa baada ya kudai huduma katika mkahawa wa wazungu pekee, walipaswa kwanza kuelezwa kosa na kusikilizwa. Mwaka 1975, katika kesi ya Goss, Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hata kusimamishwa kwa siku zisizozidi 10 kunadai hivyo.

Wengi hunitajia badala yake kesi ya Tinker ya 1969, ya wanafunzi wa Des Moines waliovaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam. Ni kesi muhimu, lakini wanafunzi wale walikuwa darasani. Haimfutii utoro aliyetoka darasani. Shule inaweza kuandika kwamba hakuwepo na kumpa adhabu ile ile anayopewa yeyote aliyekosa siku moja. Ikiongeza adhabu kwa sababu ya alichoenda kukisema, hapo inaadhibu siasa zake. Shule za kaunti ya Fairfax, Virginia, zilipata njia nyingine: Januari 2020 zilianza kumruhusu mwanafunzi wa darasa la 7 hadi la 12 kuomba ruhusa ya sehemu ya siku moja kwa mwaka kwa shughuli za kiraia.

Kwetu Kenya, Ibara ya 37 ya Katiba inampa "kila mtu" haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na haikutaja umri. Ibara ya 53 inasema mtoto asizuiliwe ila kama hatua ya mwisho, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na atengwe na watu wazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 35, haikubali mwanafunzi afukuzwe kabla hatua nyingine zote za kumrekebisha hazijakwisha, na kabla yeye na mzazi wake hawajapewa nafasi ya kusikilizwa. Ni haki ile ile waliyonyimwa watoto wa Birmingham, na kwetu imeandikwa.

Kwa hiyo, mzazi, mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya maandamano, dai barua inayotaja kosa na tarehe ya kusikilizwa. Neno la mdomo langoni halitoshi. Nenda naye siku hiyo, na umwache aeleze mwenyewe kabla hujamsemea. Omba pia kuona rejista ya mahudhurio ya muhula huo. Kama waliokosa siku moja kwa sababu nyingine bila ruhusa walionywa tu wakarudi darasani, na wako anafukuzwa kwa siku moja, una hoja ya kuanzia.