Je, wajua kwa nini mipaka ya Ulaya ya 1815 ilihesabiwa kwa roho za watu?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba jibu nalijua. Shuleni tulifundishwa Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na picha iliyonibaki kichwani ilikuwa ya Wazungu waliozunguka meza, ramani katikati, rula mkononi. Baadaye nilipokutana na Mkutano wa Vienna, uliopanga upya mipaka ya Ulaya baada ya Napoleon na kuutangulia ule wa Berlin kwa miaka 70, niliuvisha nguo hizo hizo: mamwinyi wenye nishani vifuani, ramani ya Ulaya imetandazwa, mmoja anachora mstari, mwenzake anaufuta, na jioni wote wanakwenda kucheza dansi.

Nilikosea, na kwa kuwa watu wengi wanayo picha hiyo hiyo, tuanze nayo.

Kwanza rula. Hata kwa Berlin kwenyewe picha ile haikai sawa. Mkataba wa Berlin ulihusu zaidi biashara huru katika bonde la Kongo, usafiri wa mito ya Kongo na Niger, na masharti ya kudai pwani ya Afrika. Mstari unaotenganisha Kenya na Tanzania chanzo chake ni mapatano mengine, ya Uingereza na Ujerumani, mwaka 1886. Anayetafuta rula aiangalie hapo: mstari unaanza mdomo wa mto Umba, unakwenda Ziwa Jipe, unazunguka miguu ya Kilimanjaro upande wa kaskazini, halafu unanyooka mpaka Ziwa Victoria kwenye nyuzi 1 kusini ya ikweta. Mto, ziwa, mlima, nyuzi. Idadi ya watu haitajwi popote. Vienna mambo yalikuwa kinyume kabisa: mazungumzo makali yaliendeshwa kwa jedwali la idadi ya watu, na mstari ulikuja mwishoni.

Pili dansi. Picha hii imetokana na mzee mmoja, Mwanamfalme de Ligne, aliyesema kwamba mkutano unacheza lakini hausongi mbele. Dansi zilikuwepo, tena nyingi. Ila de Ligne alifariki Desemba 1814, kabla kazi ngumu haijakamilika, na neno lake likaishi kuliko majalada. Ukweli ni kwamba wajumbe wote hawakuwahi kukaa ukumbi mmoja kujadiliana. Kazi ilifanyika kwenye kamati: ya Ujerumani, ya Uswisi, ya usafiri wa mito, hata moja ya kuamua balozi yupi atangulie mwenzake. Na Desemba hiyo hiyo ya 1814 ikaundwa iliyonivutia kuliko zote, Kamati ya Takwimu.

Historia yenyewe kwa ufupi: Napoleon, mtawala wa Ufaransa aliyeteka sehemu kubwa ya Ulaya, aliondolewa Aprili 1814. Ufaransa ilirudishwa kwa mfalme wake, na nchi zote Napoleon alizokuwa amezitwaa au kuzigawia ndugu na washirika wake zikabaki bila mwenyewe. Waliokuja kuzigawa walikuwa Metternich wa Austria, Castlereagh wa Uingereza, Hardenberg wa Prussia, ufalme wa Kijerumani wenye makao Berlin, Tsar Alexander I wa Urusi mwenyewe, na Talleyrand kwa niaba ya Ufaransa iliyoshindwa. Karibu wote ni watoto wa koo zenye mashamba na wakulima wake. Hilo la mashamba tulishike, tutalihitaji.

Sasa, kwa nini watu na si ardhi?

Mtu wa Unguja au Pemba ataelewa haraka kuliko mtu wa London. Ukiuliza shamba la fulani lina ukubwa gani, mara nyingi huambiwi ekari. Unaambiwa lina minazi 200, au mikarafuu 80. Ardhi tupu si hesabu. Hesabu ni kinachozaa. Baba akifariki na watoto wawili wa kiume wakagawana nusu kwa nusu, hakuna haja ya kupima urefu na upana. Watatembea wakihesabu: mnazi wa kwanza, wa pili, mpaka nusu itimie, na pale nusu inapotimia ndipo panapopigwa kigingi. Mpaka ni matokeo ya hesabu. Ndiyo maana unaweza kwenda pinda, ukakwepa jabali, ukaruka bonde lisilo na kitu.

Kwa wale wa Vienna, mnazi ni mtu. Mtu ndiye analipa kodi, na kijana wake ndiye anaingia jeshini. Msitu mkubwa usio na wakazi hauongezi hata kikosi kimoja. Isitoshe, ramani za kupimia ardhi kwa uhakika zilikuwa chache, ilhali orodha za watu zilikuwepo, nyingi zikitokana na utawala wa Kifaransa uliopenda kuhesabu. Urusi, mwenye shamba alitajirika kwa idadi ya wakulima waliofungwa kwenye ardhi yake, na wakulima hao waliitwa roho. Neno hilo hilo, roho, ndilo linalosomeka katika mikataba ya Vienna.

Ubishi uliozaa kamati ulihusu Prussia. Ilikuwa imeahidiwa kurudishiwa nguvu iliyokuwa nayo kabla Napoleon hajaivunja mwaka 1806. Lakini sehemu kubwa ya ardhi yake ya zamani ya Poland, Tsar aliitaka iwe yake. Kwa hiyo Prussia ikadai ilipwe kwa Saksonia yote, nchi jirani ya Kijerumani yenye watu milioni 2 hivi, ambayo mfalme wake alichelewa mno kumwacha Napoleon. Austria ikakataa. Kila upande ulileta takwimu zake, na takwimu hazikulingana: ndugu mmoja anadai upande ule una minazi 90, mwingine anaapa kuwa ni 120. Kamati ikapewa kazi ya kuhesabu upya nchi zote zilizotwaliwa kutoka kwa Napoleon na washirika wake. Katibu wake alikuwa mwanasheria Martens, na upande wa Prussia alikuwemo Hoffmann, mkuu wa ofisi ya takwimu ya Berlin. Walipata zaidi ya watu milioni 31.

Talleyrand aliweka pingamizi ambalo mrithi yeyote wa shamba analifahamu: minazi yote si sawa. Upo unaozaa sana na upo uliochoka. Alitaka kamati ipime na ubora, kwa hoja kwamba mkulima fukara wa Poland asiye na ardhi wala mtaji hawezi kulinganishwa na mkazi wa kando ya mto Rhine mwenye biashara yake. Kamati ikabaki na idadi tu. Nadhani ilikuwa busara, kwa maana kupima thamani ya watu kungewachukua miaka.

Hesabu hizo zisichukuliwe kama sensa ya leo. Wanakamati hawakupita nyumba kwa nyumba. Walilinganisha vitabu na ripoti za miaka tofauti. Wala si kila mpaka ulitokana na idadi. Ubelgiji iliunganishwa na Uholanzi ili Ufaransa izibwe upande wa kaskazini, na Prussia ilipewa kando ya Rhine kwa sababu hiyo hiyo ya ulinzi. Jedwali halikufuta hofu pia: tarehe 3 Januari 1815, Austria, Uingereza na Ufaransa zilitia saini mapatano ya siri ya kusaidiana, kila moja kwa askari 150,000, iwapo Prussia na Urusi zingeleta vita. Lakini mwezi uliofuata Saksonia ilikatwa. Prussia ilipata karibu tatu kwa tano ya ardhi yake, na watu karibu wawili tu kwa kila watano. Anayepima kwa rula atasema Prussia ilishinda. Aliyekuwa anahesabu roho alijua kwamba mfalme wa Saksonia ndiye aliyebaki na minazi mingi.

Wenyewe waliohesabiwa hawakuulizwa. Mei 1815, mjini Liège, askari wa Saksonia waliokuwa chini ya jemadari Blücher wa Prussia waliambiwa kwamba vikosi vyao vitagawanywa kufuata mahali kila mtu alikozaliwa, waliozaliwa upande uliokatwa wawe wa Prussia. Waliasi, Blücher akalazimika kuikimbia nyumba aliyofikia, na baadhi ya askari wakapigwa risasi kwa amri yake. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu kabla ya vita vya Waterloo, ambako Napoleon, aliyekuwa amerudi madarakani, alishindwa kabisa. Kwangu mimi hapo ndipo jedwali linapoacha kuwa jambo la kustaajabisha tu.

Mkataba wa mwisho, wenye vifungu 121, ulitiwa saini tarehe 9 Juni 1815, siku tisa kabla ya Waterloo. Ukitaka kuona fikra ya minazi ikiwa uchi, soma kifungu cha 49. Kinatenga eneo lenye roho 69,000 katika uliokuwa mkoa wa Kifaransa wa Saar, kisha kinazigawa: mtemi wa Coburg 20,000, mtemi wa Oldenburg 20,000, mtemi wa Mecklenburg-Strelitz 10,000, wa Hesse-Homburg 10,000, na kabaila Pappenheim 9,000. Jumlisha, inatimia. Vijiji havitajwi wala mipaka haielezwi. Hayo yalikuwa ya kutafutwa baadaye, kwa kutembea na kuhesabu mpaka idadi itimie.

Tatizo ni kwamba Saar iko mbali na kwao. Mecklenburg-Strelitz na Pappenheim waliona afadhali walipwe na Prussia kuliko kutawala huko. Coburg alivumilia, watu wakafanya ghasia mwaka 1832, na mwaka 1834 akaiuzia Prussia sehemu yake. Oldenburg, nchi ya tambarare karibu na bahari ya Kaskazini, alipewa Birkenfeld, eneo la vilima lililoko mamia ya kilomita kusini, na hakuiachia. Birkenfeld iliendelea kuwa sehemu ya Oldenburg baada ya watemi wenyewe kuondolewa mwaka 1918, mpaka ilipohamishiwa Prussia mwaka 1937.