Watu wa Uhifadhi wa Ardhi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Ukiwaonyesha hatimiliki, shamba limekwenda."

Uvumi huu huanza gari lenye nembo ya shirika la uhifadhi likionekana kando ya Mto Njoro, Kenya, na ndio unaoumiza zaidi, kwa sababu watu hufunga milango kabla ya kusikia lolote. Ukweli ni kwamba shirika likikubaliana na mkulima kutunza kipande cha shamba, njia ya kawaida ni kukodi au kuandikisha haki ya uhifadhi juu ya ardhi hiyo, haki inayotambuliwa na Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Umiliki haubadiliki. Mwenyewe anaweza kuuza au kurithisha, ila anayepokea shamba hulipokea pamoja na masharti yake.

Tena si jambo la kumalizwa kwa saini moja chini ya mti. Shamba la kilimo huhitaji ridhaa ya bodi ya ardhi, na ombi lisipopelekwa ndani ya miezi 6, makubaliano hayana nguvu isipokuwa mahakama iongeze muda. Ukiwa na wasiwasi, fanya sachi, yaani omba kuona rekodi rasmi ya shamba katika ofisi ya ardhi. Sehemu A inaeleza shamba, B inataja mwenyewe, C inaonyesha mizigo iliyowekwa juu yake. Jina lako likiwa B, shamba ni lako. Hiyo C ndiyo ya kusoma neno kwa neno: ni miaka mingapi, kipande gani, na nini kimekatazwa.

"Yule mwenye GPS anahamisha mipaka."

Hawezi. GPS ya mkononi, kifaa kinachoonyesha mahali ulipo, hukosea mita 3 hadi 5, zaidi ya upana wa njia ya ng'ombe. Afisa wa uhifadhi anakitumia kurudi palepale kila mwaka apige picha ya mahali pamoja, ili ionekane ukingo umepona au umeliwa. Mgogoro wa mpaka huanzia kwa msajili wa ardhi, ndipo uende mahakamani.

"Kazi yao ni kupanda miti na kupigwa picha."

Mche ni sehemu ndogo ya kazi. Kwenye miteremko ya Mau Mashariki na Nyando, udongo huokolewa kwanza na makinga maji, na hapo ndipo ujuzi unapoonekana. Kwa makinga maji yaitwayo fanya juu, huchimbwa mtaro wa takriban sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, udongo ukitupwa upande wa juu, kisha majani ya nepia hupandwa juu ya tuta. Mtaro ukitoka nje ya kontua, yaani mstari unaofuata usawa wa mteremko, maji hukusanyika penye bonde, hupasua tuta, na korongo jipya huwa baya kuliko mmomonyoko uliokuwapo.

Kwa hiyo afisa mzuri hukagua fremu ya A, kifaa cha mbao chenye umbo la herufi A cha kupimia usawa, kabla ya kupima chochote. Husimamisha miguu ya fremu juu ya vigingi viwili, huweka alama pale kamba yenye jiwe inapokata ubao wa kati, hubadilishana miguu, huweka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Anayeruka hatua hii anawachimbisha watu bure, na wakulima hawasahau.

"Wanaweza kukukamata."

Hapana. Wanaweza kuripoti kwa KFS (huduma ya misitu), KWS (huduma ya wanyamapori) au NEMA (mamlaka ya mazingira), basi.

"Wanaogelea katika pesa za wafadhili."

Wengi wana ajira ya mradi tu: ufadhili ukiisha, mkataba umeisha. Pesa za miche haziwezi kuhamishiwa mafuta ya pikipiki bila idhini ya mfadhili, ndiyo maana wakati mwingine kitalu kimejaa miche na mvua za Machi zinapita bila usafiri. Si uvivu wa afisa.

Hata hivyo una haki ya kuuliza. Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024. Omba kuona cheti cha usajili na ripoti ya mwaka uliopita. Mkataba upeleke kwa wakili wako mwenyewe, si wa shirika, kabla ya kutia saini.