Kioo hakina nyuzi zake za kuganda

"Kioo huganda kwenye nyuzi ngapi?" Swali hili likija, jibu la haki ni swali jingine: unakipoza kwa kasi gani?

Kwanza tumalize lile la madirisha ya makanisa ya kale Ulaya, eti ni manene chini kwa sababu kioo kinachuruzika. Vioo vile vilitoka kwa fundi vikiwa na unene usio sawa, basi. Kwa mnato wake (yaani ugumu wa kutiririka) katika joto la kawaida, karne nane hazitoshi kukisogeza hata unene wa unywele.

Sasa tazama mabadiliko ya kweli ya hali. Maji yakiganda hutoa jouli 334 kwa gramu, ndilo joto fiche, na kipimajoto husimama palepale kwenye 0 mpaka tone la mwisho ligande. Entropia, kipimo cha vurugu ya chembe, hudondoka kwa mkupuo. Chuma kikivuka nyuzi 770 hupoteza usumaku bila joto fiche, lakini 770 ni 770, upoze haraka au polepole.

Kioo cha dirisha, karibu na nyuzi 550, hufikia mnato wa takriban paskali-sekunde trilioni 1, na atomi hazipati tena muda wa kujipanga: huo ndio mpito wa kioo. Joto mahususi, yaani joto linalohitajika kuipandisha gramu moja nyuzi moja, hushuka ngazi moja. Entropia haikatiki, inapinda tu. Poza polepole mara kumi zaidi, ngazi inateremka nyuzi kadhaa. Badiliko la kweli la hali halina habari na saa yako.

Kinachonichosha hasa ni kile kilima kwenye grafu ya kalorimita (kifaa cha kupima joto linaloingia na kutoka), kinachoripotiwa kuwa "joto fiche la kioo". Jamani! Sampuli iliyokaa muda mrefu chini kidogo ya mpito hupoteza nishati taratibu. Ukiipasha, inaifyonza tena yote kwa pupa, ndicho kilima. Ipashe hadi nyuzi 30 juu ya mpito, ipoze kwa nyuzi 10 kwa dakika, ipashe tena kwa kasi ileile, usome mzunguko wa pili. Kilima kikinywea, ulikuwa unapima umri wa sampuli.

Peremende nazo ni kioo. Sukari kavu ina mpito kwenye nyuzi 60 na kitu, lakini maji huuteremsha. Ziache wazi dukani Kariakoo, zifyonze unyevu wa masika: mpito unashuka chini ya joto la chumba, zinaanza kunata. Baadaye zinavaa ukungu mweupe, yaani fuwele, molekuli zilizojipanga kwa safu. Ule weupe ndio badiliko la hali, kunata siyo.

Linabaki swali la mwanakemia Kauzmann, 1948: ukiendeleza mstari wa entropia ya kimiminika kuelekea baridi zaidi, entropia yake ingeshuka chini ya ile ya fuwele. Je, kuna mpito wa kweli umejificha huko chini? Vitabu hulipita hili kwa aya moja yenye uhakika mwingi. Mimi naelemea hapana, ila siapi.