Kabla ya tiketi, soma jina lako

Mahafali ya vyuo yakishapita, meza yangu hujaa bahasha za kaki. Vijana wa Tanga waliosomea Dar es Salaam, Dodoma au Morogoro hurudi nyumbani, hukaa barazani wiki mbili tatu, kisha hunijia hapa Ngamiani na neno lilelile: "Mama wakili, nataka nikaanze maisha nje. Nianzie wapi?" Mmoja ana rafiki Ujerumani, mwingine ana shangazi Kanada, mwingine kaona tangazo kwenye simu. Wanatarajia nianze na habari za viza. Mimi huwaambia wamwage mezani kila kilichomo kwenye bahasha, tusome majina.

Mimi ni wakili na kamishna wa viapo, yaani ninayeruhusiwa kisheria kuapisha watu. Nilianza na mirathi na viwanja kama mawakili wengi wa mji huu, lakini miaka ya karibuni karatasi za wanaosafiri zimezidi za viwanja. Safari zilizokwama kwa kukosa fedha nimeziona nyingi. Zilizokwama kwa herufi moja ndizo zinazoniuma zaidi, maana herufi ile ingerekebishwa mapema, kwa gharama ndogo, mwenyewe akiwa bado chuoni.

Miaka mitatu iliyopita alikuja binti aliyemaliza shahada ya uuguzi, kafuatana na bibi yake kutoka Pongwe. Nilimwamkia bibi, nikamsogezea kiti karibu na feni, tukaanza kazi. Huwa navilaza vyeti kimoja chini ya kingine: cha kuzaliwa, cha shule ya msingi, cha kidato cha nne, cha sita, transkripti, kitambulisho cha taifa. Naweka rula chini ya jina, yeye anasoma kwa sauti herufi baada ya herufi, mimi natia alama kwa penseli. Jina lake silitaji, ni amana. Chukua mfano wa Athumani tu, uone linavyoandikwa: Athumani, Athuman, Othman, Uthman. Au Hamisi na Khamis, Shabani na Shaaban, Mwanaidi na Mwanaid. Nesi wa kliniki aliandika alivyosikia. Mwalimu wa darasa la kwanza akaiacha irabu ya mwisho kwa kuwa kwao ndivyo linavyotamkwa. Mtaani wote wanajua ni mtu mmoja, na akiitwa kwa lolote kati ya hayo anaitika.

Cheti chake cha kuzaliwa kilipungua herufi moja. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba cheti hicho kilimtaja baba yake, na vyeti vyote vya shule vilibeba jina la mjomba. Nikamuuliza, akainama. Bibi ndiye aliyejibu: "Mwanangu, baba yake alifariki huyu hajaanza shule. Aliyenunua sare ndiye aliyekwenda kumwandikisha."

Kwetu hapo hakuna kosa. Ni malezi, na watoto wengi wa pwani wamekuzwa hivyo. Lakini ofisa aliyekaa maelfu ya kilomita kutoka Pongwe hana bibi wa kumweleza. Yeye anaona watu wawili, mmoja aliyezaliwa Tanga na mwingine aliyefaulu mitihani.

Majina yetu ni mnyororo: langu, la baba, la babu. Mtoto akizaliwa, lake linaingia mbele na la nyuma kabisa linadondoka. Huko waendako vijana wengi, watu wana jina la ukoo lisilobadilika kizazi hadi kizazi, na pasipoti ina nafasi yake, kwa hiyo jina letu la tatu huingizwa hapo. Fungua pasipoti utazame chini ya ukurasa wenye picha. Kuna mistari miwili, kila mmoja una nafasi 44, na jina la ukoo limetangulia. Hiyo ni kanuni ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Kwenye jina inakubali herufi A hadi Z basi, ndiyo maana ritifaa ya ng' hupotea pale. Mistari hiyo husomwa na mashine, na tangu Tanzania ilipozindua pasipoti ya kielektroniki tarehe 31 Januari 2018, taarifa zako zimo ndani ya chipu pia. Kilichoandikwa hapo ndicho kitakachokuwa jina lako la benki, la bima, la mkataba wa kazi, hata la kwenye cheti cha kuzaliwa cha mwanao. Mashine haijui kwamba Othman na Athumani ni mtu mmoja.

Nilipokwenda mimi Ulaya kusoma shahada ya pili, siku za mwanzo nilikuwa nimekaa kwenye ofisi moja ya wageni nikingoja zamu, nikasikia jina la babu yangu likiitwa kwenye kipaza sauti. Sikuinuka. Likaitwa tena. Mara ya tatu ndipo nikatambua kuwa ninaitwa mimi. Babu alikuja Tanga kutoka Kigoma kukata mkonge, aliandikishwa na SILABU, ile ofisi ya vibarua wa mashamba iliyoanzishwa mwaka 1944. Watu wale waliitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa. Karani wa kambi aliliandika jina lake alivyolisikia, tofauti na linavyotamkwa kwao, na tahajia ya karani yule ndiyo iliyomo kwenye pasipoti yangu mpaka leo. Kaka yangu anaandika kama wanavyotamka Kigoma. Tumbo moja, majina mawili. Alipotaka kuja kunitembelea nilitakiwa kuthibitisha kwamba ni ndugu yangu, ikabidi vikusanywe vyeti vyetu vyote viwili na kiapo cha mama, na mwaliko wenyewe ukapitwa na wakati. Tangu hapo sioni herufi iliyokosewa nikanyamaza.

Sasa dawa yake. Kwanza chagua cheti kimoja kiwe nguzo. Mimi kwa kawaida nachukua cha kidato cha nne, kwa kuwa vyeti vya Baraza la Mitihani ndivyo vigumu kuguswa kuliko vyote, na shahada yako imejengwa juu yake. Vingine vivutwe vikifuate. Kosa la uandishi kwenye cheti cha kuzaliwa lina njia yake chini ya Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, na maombi hupelekwa RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, kwa msajili wa wilaya. Usiende mikono mitupu: beba kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kwa aliyebatizwa, cheti cha shule ya msingi. Kadi ya kliniki ya binti yule bibi aliiweka sandukuni, imefungwa kwenye kipande cha kanga pamoja na kitovu kilichokauka, wino umefifia lakini herufi iliyopungua kwenye cheti humo ilikuwemo. Cheti kikishanyooka unakwenda kwenye kitambulisho cha taifa, na pasipoti inakuja mwisho. Wengi hugeuza mpangilio. Wanakimbilia pasipoti, wanalipa shilingi 150,000, kisha wanagundua kwamba wamelipia kosa lile lile.

Tatizo la baba na mjomba halimalizwi RITA, kwa sababu cheti hakikukosea. Hapa ndipo vijana wanapochanganya hati mbili. Hati ya kiapo inasema: majina haya mawili yote ni yangu, na mimi ni mtu mmoja. Inatosha pale tofauti inapokuwa ndogo, irabu iliyopotea au jina la kati lililofupishwa. Hati ya kubadili jina inasema: lile nimeliacha, tangu leo kwa mambo yote natumia hili. Hiyo husajiliwa kwa Msajili wa Hati na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ni nzito, na kwa uzoefu wangu ofisi za nje huiamini kuliko kiapo, lakini ukishaliacha jina umeliacha. Usiitumie kuziba ufa ambao kiapo kingeuziba.

Tena kiapo chenyewe kiwe cha kweli. Sheria ya wathibitishaji wa umma na makamishna wa viapo, Sura ya 12, inamtaka kamishna aandike jina lake, mahali na tarehe kiapo kilipofanyika, na aseme ukweli. Nimeletewa viapo vilivyogongwa muhuri steshenari huku wakili hayupo na muapaji hajawahi kumwona. Naomba wazazi wanisikie kwenye hili: kuapa uongo ni jinai, na karatasi ya namna hiyo ikigundulika ubalozini, mtoto wako anaweza kufungiwa mlango kwa miaka.

Kwa binti yetu tuliona hati ya kubadili jina ndiyo njia. Alilia. Alidhani anamkana baba yake. Nikamwonyesha kwamba cheti cha kuzaliwa hakiguswi, baba anabaki palepale alipoandikwa, na hati hii ni daraja kati ya cheti kile na vyeti vya shule. Bibi akaomba nimsomee ule mstari wenye jina la marehemu mwanawe. Nikausoma. Akaomba tena. Ndipo akasema tuendelee.

Mengine nayasema kwa haraka, si kwa udogo wake. Kabla hujaondoka chuoni chukua transkripti na maelezo ya kozi zako, kwa sababu taasisi za Kanada zinazotathmini shahada za nje mara nyingi hutaka nyaraka zitoke chuoni moja kwa moja, na kumwomba karani ukiwa umeshavuka bahari ni kazi kubwa. Kama cheti chenyewe hakijatoka, mwachie mama hati ya uwakilishi aweze kukichukua. Anayekwenda kusoma Ujerumani ajue kwamba kiwango cha fedha anachotakiwa kuonyesha, tangu Septemba 2024, ni euro 11,904 kwa mwaka. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu unabaki deni lako popote utakapoishi. Na ukiwa mtu mzima ukachukua uraia wa nchi nyingine, Sheria ya Uraia ya 1995 haikuachii wa Tanzania.

Kwa mawakala wa ajira nitasimama kidogo. Wakala halali ana leseni ya serikali, naye akiulizwa haoni vibaya kuionyesha. TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, wapo wa kuulizwa. Usimwachie mtu vyeti halisi, mpe nakala zilizothibitishwa. Mwaka 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kuwa watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na karibu 100,000 Kambodia walikuwa wameshikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi walivutwa na matangazo ya kazi, na wengi ni wasomi, wenye Kiingereza na kompyuta, kama hawa wanaokaa mbele ya meza yangu. Wengi wao walinyang'anywa pasipoti. Kijana akiniambia wakala wake "ameziweka karatasi salama," siku hiyo nafunga mafaili mengine yote.

Binti wa Pongwe alijifunza Kijerumani mpaka kiwango cha B2, cha nne kati ya sita, mwanzo kwa simu, kisha darasani Dar es Salaam. Taaluma yake ilitambuliwa, mwaka jana akaondoka kwenda Ujerumani. Kule mtu akihamia kwenye nyumba ana siku 14 za kwenda kujiandikisha kwenye ofisi ya makazi, na barua zote, za benki, za bima, za kibali, hutiwa kwenye kisanduku kilichopo mlangoni mwa jengo. Nyumba nyingi hazina namba za milango ya ndani. Tarishi anatazama jina, na jina lisipokuwepo kwenye kisanduku barua inarudi ilikotoka.

Alinitumia picha ya kisanduku chake. Kibandiko cheupe, ameandika kwa kalamu nyeusi, na kabla ya kukibandika aliweka pasipoti pembeni akalinganisha herufi moja moja. Picha ile ile alimtumia mjomba, ambaye ni fundi baiskeli Makorora. Mjomba aliikuza, akaitoa kwenye karatasi, akaitundika kibandani juu ya pampu, na mteja akiuliza ni nini, anamsomea jina lake.