Kwenye besiboli meneja ndo kocha, GM ni mtu mwingine

Jamani wiki hii nimesikia kwa mara ya tatu mtu akisema Kim Ng, yule mama aliyekuwa GM wa timu ya Miami Marlins, alikuwa "kocha wa kwanza mwanamke" kwenye besiboli ya Marekani, na safari hii aliyesema ni mtu anayejua michezo kunizidi, kwa hiyo nimeona niandike tu yaishe.

GM, yaani meneja mkuu, ni bosi wa ofisini. Anasajili, anabadilishana wachezaji na timu zingine, anapanga mishahara, anaajiri maskauti (watafuta vipaji), na kwa kawaida kocha anaajiriwa na yeye. Basi, hapangi kikosi cha leo.

Kinachotuchanganya ni hilo neno meneja. Huku kwetu meneja wa timu ni yule anayetembea na leseni za wachezaji, basi likichelewa anapigiwa simu yeye. Waingereza nao kwenye soka meneja wao ndo kocha. Sasa besiboli wako kama Waingereza, meneja ndo kocha wao, tena anavaa jezi kabisa yenye namba mgongoni, unakuta mzee wa miaka 60 na kitambi chake kavaa sawa na vijana, na pitcha (mrusha mpira) akizidiwa anatoka benchi mwenyewe, anajikongoja taratibu mpaka katikati ya uwanja, ananyoosha mkono apewe mpira, dogo anatoka. Hao wanaoitwa makocha kule ni wasaidizi wake tu, mmoja wa kupiga, mwingine wa kurusha.

Na ile "mkuu" ilitoka wapi? Zamani meneja alikuwa anafanya vyote, benchi na usajili. Ed Barrow alikuwa meneja wa Boston Red Sox walipochukua ubingwa 1918, halafu 1920 akaenda New York Yankees, ila kule hakukaa benchi, alikaa ofisini akiitwa meneja wa biashara, kikosi akawa anapanga Miller Huggins. Branch Rickey naye pale St. Louis Cardinals alishika kote kuwili mpaka 1925 wakamtoa benchi wakamweka Rogers Hornsby, yeye akabakizwa ofisini, na kusema kweli ofisini ndo alikuwa moto, maana ndo huyo huyo baadaye akiwa Brooklyn Dodgers alimsaini 1945 Jackie Robinson, aliyekuja kuwa mchezaji mweusi wa kwanza ligi kuu ya besiboli karne ya 20. Kwa hiyo GM sio kocha aliyepandishwa cheo, ni kazi iliyomeguka kutoka kwenye ile ya zamani ikawa na njia yake.

Na njia yenyewe ndefu. Ng alianza 1990 Chicago White Sox kama intern (anayejifunza kazi), 1998 akawa msaidizi wa GM Yankees akiwa na miaka 29, akaenda Dodgers, akaenda ofisi za ligi, Miami Marlins wakampa U-GM Novemba 2020. Hesabu mwenyewe, miaka 30. 2023 Marlins wakafika pleiofu (mtoano wa mwisho wa msimu), na tuzo ya meneja bora wa National League, moja ya ligi mbili za besiboli kule, akapewa Skip Schumaker, mtu aliyeajiriwa Ng akiwa GM. Tuzo ya meneja, sasa kama meneja ni Ng huyo Schumaker alipewa ya nini?

Msimu ulipoisha Ng akaondoka, timu ilitaka kumleta rais wa shughuli za besiboli juu yake. Siku hizi timu nyingi zina rais wa hivyo, hata Theo Epstein alipoenda Chicago Cubs 2011 alikuwa rais, GM akawa Jed Hoyer, yaani hata huo ukuu wenyewe sasa hivi una mkubwa wake.

Kwa hiyo kaka yangu, sijakasirika, ila sema GM wa kwanza mwanamke, sifa yake haipungui hata kidogo. Ukitaka kocha mtaje Alyssa Nakken wa San Francisco Giants, 2020, na huyo naye alikuwa kocha msaidizi, sio meneja.