Beta na baridi ya Mbeya: dhana potofu kuhusu wenzake na mimea yake

Mwaka jana mwezi wa Juni nilimweka beta wangu dume, samaki wa mapambo mwekundu mwenye mkia mpana kama khanga iliyotandazwa, tangi moja na gapi madume wanne, samaki wadogo wenye mikia ya rangi. Nyumba yetu iko Uyole, na aliyewahi kulala Uyole kipupwe anaijua ile baridi inayokufuata hadi chini ya mablanketi mawili. Beta alitulia kwenye kona, karibu na mchanga. Gapi walimpita mbele ya pua na hakujishughulisha nao. Jirani yangu alikuja kukopa jiko, akasimama akawatazama, akasema, "Mama Tumaini, huyu wako mpole kweli." Nikaamini.

Oktoba, joto liliporudi, niliamka asubuhi moja nikakuta gapi wawili hawana mikia na mmoja amekauka sakafuni. Alikuwa ameruka nje ya tangi akikimbia. Tangu hapo kila anayeniuliza beta aishi na nani, namuuliza kwanza maji yake yana joto kiasi gani.

"Akizoeana nao wakati wa baridi, amewazoea"

Hii ndiyo dhana inayowagharimu wafugaji wa nyanda za juu kuliko zote, maana kwa macho inaonekana kweli. Samaki huyu hatengenezi joto mwilini mwake. Maji yakipoa, naye anapoa. Asili yake ni Thailand na nchi za jirani, na maji yanayomfaa ni ya nyuzijoto 25 hadi 27. Siku niliyonunua themomita, maji yangu yalikuwa nyuzijoto 17. Katika hali hiyo anakula kidogo, kinga ya mwili inashuka, na hana nguvu za kufukuzana na mtu. Nilichokiita upole kilikuwa mwili uliopoa. Maji yakipata joto ndipo tabia yake halisi inapojitokeza, na wakati huo gapi wenye mikia mirefu ya rangi wanafanana mno na beta dume mwingine aliyevamia himaya yake.

Kwa hiyo anza na hita ya kupasha maji yenye themostati, yaani inayojiwasha na kujizima yenyewe. Vitabu vingi hukadiria wati moja kwa kila lita, lakini kipimo hicho ni cha chumba chenye joto la kawaida. Huku kwetu, ambako kipupwe unahitaji kuyapandisha maji nyuzi 10 juu ya joto la chumba, hesabu wati mbili kwa lita. Tangi la lita 20 lipewe wati 40 hadi 50. Mpe beta wiki mbili tatu ndani ya joto lake, umsome tabia, halafu ndiyo ufikirie kumletea mwenzake.

Mfuniko nao usiupuuze. Beta ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa kutoka juu ya maji, na hewa hiyo nayo inatakiwa iwe na joto. Umeme ukikatika usiku, zungushia tangi blanketi pembeni na uache mwanya juu. Usimwagie maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai. Joto likibadilika ghafla linamwumiza kuliko baridi iliyoingia polepole.

"Kwao wanaishi kwenye mashamba ya mpunga, glasi inamtosha"

Anayesema hivi ashuke Mbarali akaangalie jaruba. Maji ni ya kina kifupi, kweli, lakini yameenea kwa upana na yamejaa mashina na majani ya kujificha, na dume akishindwa ugomvi ana pa kukimbilia. Ndani ya glasi anayeshindwa hana njia. Beta aliye peke yake apewe lita 20. Ukitaka kumwekea wenzake, fikiria lita 40 na kuendelea.

"Beta hawezi kuishi na kiumbe chochote"

Madume wawili, hapana, hata siku moja. Dume na jike kuwaacha pamoja moja kwa moja, hapana pia, jike atapigwa. Lakini wapo wanaomfaa: samaki wadogo wasio na mikia ya kuvutia, wanaopenda joto lilelile, wasiong'ata mapezi. Rasbora wanatoka pande zilezile za Asia na wanaogelea kwa makundi katikati ya maji. Tetra wadogo wa rangi ya kaa la moto nao ni wema. Koridora hukaa chini wakipekua mchanga, ila wanataka kuwa sita au zaidi, na mchanga laini usiowakwaruza ndevu. Konokono ndiye mwenzi rahisi kuliko wote, hata kwenye tangi dogo. Kamba wadogo wa majini wanaweza kuishi naye au wakaliwa, inategemea beta mwenyewe, kwa sababu tabia zao hazifanani. Barbu wenye mistari waepuke, wanapenda kutafuna mapezi. Gurami nao ni ndugu zake, na undugu huo unaleta ugomvi.

Waingize wenzake kwanza, yeye aingie mwisho akute nyumba ina wenyewe. Na uwe na chombo cha pili tayari kabla hujaanza. Mimi sikuwa nacho, nilihamishia gapi waliobaki kwenye ndoo.

"Goldifishi wanauzwa rafu moja na beta, basi wanaendana"

Goldifishi anapenda maji ya ubaridi, anakua hadi kupita urefu wa kiganja, na anachafua maji mara nyingi zaidi ya beta. Ukimfurahisha mmoja unamtesa mwingine.

"Samaki wa Ziwa Nyasa ni wa kwetu, ndio watakaomfaa"

Naelewa hii inatoka wapi. Ukiwa Matema, maji yakiwa meupe hadi unaona mawe chini, wale samaki wa bluu na njano wanaoitwa mbuna wanakuita uwachukue. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanawanunua kwa bei kubwa, na ni jambo la kujivunia. Lakini mbuna wanaishi kwenye maji yasiyo na tindikali, yenye pH ya karibu 8, wanakwangua mwani kwenye miamba siku nzima, na kila dume analinda jiwe lake kwa nguvu. Beta mwenye mapezi mazito ya kuburuta hatamaliza wiki pamoja nao. Wanastahili tangi lao, lenye mawe mengi.

"Mimea ni urembo tu"

Hapa ndipo ningetumia pesa yangu yote, kama ningeanza upya. Beta anamshambulia anayemwona. Mimea mingi inamziba macho: gapi au rasbora anapita nyuma ya majani, beta anasahau, hasira inakwisha. Tangi tupu lenye mawe matatu ni uwanja wa ndondi. Pia anapenda jani pana karibu na uso wa maji, alale juu yake huku hewa iko jirani.

Anubiasi ni mmea wa Afrika, unatoka Magharibi na Kati mwa bara hili, na unavumilia mwanga hafifu. Kosa tunalolifanya ni kuupanda kama mchicha. Una shina nene linalolala kama tangawizi, na ukilifukia linaoza. Lifunge kwa uzi juu ya jiwe au gogo, mizizi itajishikilia yenyewe. Feni ya Java (Java fern), mmea mwingine wa majini, nayo hufungwa hivyohivyo. Mkia-mbweha wa majini, ule wenye vijani vyembamba kama sindano, hauhitaji hata mchanga. Unaelea tu, na unakua haraka ukinyonya uchafu wa samaki. Hata hivyo hauondoi kazi ya kubadilisha maji. Mimi nabadilisha robo kila wiki, kwa maji yaliyolala ndoo usiku kucha na kupashwa joto lilelile la tangi.

"Bamboo ya bahati" inayouzwa ikiwa imesimama kwenye glasi si mmea wa majini. Mizizi ikizama sawa, majani yakizama yanaoza. Na ule mtindo wa kumweka beta kwenye chombo cha maua chini ya mmea, eti anakula mizizi, unamwua kwa njaa. Beta ni mla nyama: wadudu na viluwiluwi vya mbu.

Mimea ya plastiki ijaribu kwa soksi nyembamba ya nailoni. Ipitishe juu ya majani. Ikinasa na kuchanika, mapezi yake yatachanika vilevile.

Majani makavu ya mkungu yanafaa, yanageuza maji kuwa rangi ya chai nyepesi na wafugaji wa Thailand wanayatumia sana. Dada yangu aliye Iringa aliposikia hivyo akaokota majani ya mkaratusi, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa huko, nikamwahi kwenye simu. Mkaratusi, msonobari na mti wowote wenye harufu kali una mafuta yasiyofaa kwa samaki. Kama hupati mkungu, acha.

Huyohuyo dada alitaka gugu maji, kwa ajili ya ua lake la zambarau. Nilimwomba asilete kabisa. Ukichoka nalo unalitupa, mvua inalibeba hadi Mto Ruaha Mdogo, na kutoka hapo ni njia moja hadi Bwawa la Mtera. Tunajua lilivyowatesa wavuvi wa Ziwa Viktoria. Mmea wowote unaoupunguza tangini ukaushe juani kwanza, ndipo uutupe.

Kipupwe hiki beta wangu anaishi na konokono mmoja na anubiasi mbili, maji nyuzi 26. Asubuhi nikiwasha taa anatoka nyuma ya jani, anatanua mashavu kwenye kioo, anamkagua konokono, anarudi juu kuvuta hewa. Gapi watatu waliobaki wako kwenye tangi lao jikoni, na mikia ya wale wawili imeota tena.