Turbo kubwa peke yake haiongezi nguvu

Wengi wanaamini kwamba ukifunga turbo kubwa kwenye gari la kisasa la dizeli, nguvu huongezeka papo hapo. Sivyo. Nguvu hutoka kwenye dizeli inayoungua. Kazi ya turbo ni kuleta hewa ya kuiunguza. Kiasi cha dizeli huamuliwa na kompyuta ya injini kupitia nozeli, yaani vifaa vinavyonyunyiza dizeli ndani ya injini. Programu yake isipobadilishwa, hewa ya ziada inakosa mafuta ya kuunguza, na kompyuta ikisoma presha isiyoitarajia huweza kuwasha taa ya injini na kupunguza nguvu.

Tena feni iliyo ndani ya turbo kubwa ni nzito. Moshi wa eksozi huchelewa kuizungusha, kwa hiyo ukikanyaga mafuta injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini, gari linasitasita kwanza ndipo livute.

Moshi mweusi nao husifiwa kuwa dalili ya nguvu. Pitisha kidole ndani ya bomba la eksozi likiwa limepoa: yale masizi ni dizeli ambayo haikuungua vizuri. Mafuta yakizidi hewa, joto la eksozi hupanda, na likipanda mno laweza kuyeyusha pistoni. Naomba sana, fundi alipime joto hilo kabla ya kuongeza chochote.